Dawa Niliyoimwaga Bwawani

Bhana bhane, wanangu, sogeeni, na wewe Masunga zima hiyo simu, maana leo sirudii neno. Mimi baba yenu Jilala nililazwa hospitalini siku kumi na saba kabla ya kurudishwa hapa nyumbani, nimechomwa sindano hadi mikono imekufa ganzi, na mwisho daktari akasema vijidudu vya tumboni vimeingia kwenye damu, na vimeshazoea kila dawa aliyonayo kabatini. Akaniuliza nakula nini. Nikasema kambale wa bwawa langu. Na hao kambale unawalisha nini, mzee? Hapo niliona aibu kama mwizi.

Kwa sababu ni mimi mwenyewe. Sisi tumezoea ng'ombe: akikohoa tu unanunua chupa dukani, unamchoma mwenyewe, akisimama unaacha, dawa iliyobaki unaichomeka darini. Nilipochimba bwawa hapa Nassa nikafanya vilevile. Wakielea samaki wawili, nachanganya unga wa dawa ya kuku kwenye pumba, siku mbili nakoma, na mara nyingine hata hawaumwi, nawapa tu wanenepe. Yule binti wa ofisi ya uvuvi, Felisita, alinikataza mara tatu. Nikamwambia umezaliwa juzi, utanifundisha mimi kufuga? Inaniuma kuliko hili tumbo.

Sasa wewe Masunga. Bwawa nakuachia, ng'ombe mgawane sawasawa na dada yako, na usinikunjie uso. Lakini jana nimekusikia ukikoroga unga uleule, mimi nikiwa hapa nakufa nao! Eti samaki wataisha. Waache waishe! Wafukieni mbali, na maji yale msiyafungulie kwenye majaruba ya mpunga ya Marcelo, jirani hajatukosea kitu. Mwite Felisita, mwombe radhi kwa niaba yangu, fanya atakalosema. Na wewe mayu, binti yangu Nyamizi, unayenisafisha, nawa kwa sabuni kabla hujampakata mtoto. Kwa sabuni, nimesema.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Watu wakija msibani, msiwapikie kambale. Chinjeni lile dume jeusi... Masunga, umelichoma sindano juzi? Nilijua. Na lile jeupe? Nalo? Ah, mmenichosha. Wapikieni ugali na dengu, wakirudi kwao Bariadi wakaseme Jilala alikuwa bahili. Mungu awabariki, wanangu. Awape watoto... watoto ambao wakiugua... dawa itawaponya.