Wilfred Timotheo na Boti Aliyoichagua

Mchungaji, wazee wangu shikamooni, ndugu na majirani. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Ernesti, lakini naisoma mwenyewe, Beatrisi, mke wa marehemu, kwa sababu jana, kaburi likiwa bado halijachimbwa, niliwasikia mkipanga binti yetu Loveness akabidhiwe boti ya baba yake na kuendelea nayo.

Wilfred alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 huko Muheza, mtoto wa tatu wa wakulima wa machungwa, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1988, na mwaka 1991 akaja Tanga kulinda boti za wageni, kazi iliyomfundisha kushona tanga, kisha kuliendesha, kisha kulipenda kupita kiasi.

Tulifunga ndoa Muheza, katika Kanisa la Kilutheri, tarehe 6 Juni 1998, na Mungu akatujalia watoto wawili, Loveness mwaka 2001 na Noa mwaka 2007.

Mwaka 2016 tuliuza shamba lake la urithi ili tununue boti ya tanga ya kulaza watalii kati ya Tanga, Ushongo na Mkwaja. Zilikuwapo mbili, moja pana, nzito, yenye jiko, choo na vitanda vinne, isiyo na haraka, na nyingine nyembamba, yenye mbio, vitanda viwili kama rafu za duka, ambayo ikikata mawimbi kila kilichomo hulowa. Tulikubaliana ile pana, maana mgeni hulipa ili alale, halipi ili awahi. Wilfred aliondoka asubuhi kwenda kuilipia, rafiki yake Sadalla akamtembeza kidogo kwenye ile nyembamba, naye akarudi ameinunua hiyo. Nilipouliza wageni watalala wapi, Sadalla alinijibu, "Shemeji, ukitaka sebule baki nchi kavu," nanyi wenzake mliokuwapo mkacheka wote, na Wilfred akacheka.

Wageni walilala usiku mmoja, hawakurudi. Vikombe vya mashindano vilijaa kabatini, ada za watoto zikatoka kwenye maandazi yangu, naye kwa miaka tisa akailinda boti hiyo akilala ndani yake, juu ya tanga lililolowa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2023, daktari akamkataza kulala kwenye unyevu, akaitikia tu. Tarehe 9 Aprili 2025, masika yamekolea, homa ilimshika akiwa Mkwaja, na gari lilikuwapo, lakini alisema kwa tanga atawahi zaidi. Akawahi kweli, mkampigia makofi ufukweni, kisha mkamshusha mmembeba. Nimonia ilimchukua hospitalini alfajiri ya tarehe 17 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli mapema, na jirani yangu Mwatumu aliyefua shuka za mgonjwa bila kuombwa. Nawashukuru pia wenzake wa baharini mliochimba kaburi hili, lakini nisikilizeni, Sadalla, na wewe shemeji Ernesti. Loveness anajua kuongoza chombo na simzuii kwenda baharini, ila ile nyembamba itauzwa, na boti nyingine atakayoichagua nitalala ndani yake mimi kwanza, usiku wa mvua, nikiamka mkavu ndipo italipiwa.

Wilfred, pumzika kwa amani, hili la mtoto niachie mimi.