Pipa Tupu la Bibi Cherehani

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa wapangaji, wageni waalikwa, majirani zangu, na wewe binti yetu mbunifu tuliyekusanyika kukuaga: mimi katibu wenu nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, ila mniwie radhi nikishindwa kuwachekesha.

Mnakumbuka alipohamia jengo hili alivyotuuliza: kwa nini tunachonunua tunakionyesha, na tunachotupa tunakificha? Akabuni mapipa ya taka ya plastiki isiyoficha kitu, akaweka moja mbele ya kila mlango. Tuliumbuka, ndugu zangu. Mwalimu wetu wa ghorofa ya pili, hodari wa kutuhubiria kubana matumizi, pipa lake lilijaa mikate mizima. Akaanza kubeba taka zake kwenda nazo kazini ndani ya mkoba. Lakini polepole tukajirekebisha. Tukanunua kwa kiasi, tukatia viraka, tukafikia hata kutambiana kwa uchache wa taka.

Na nani alituacha mbali sote? Bibi Cherehani, fundi nguo mstaafu aliyeishi peke yake ghorofa ya juu. Pipa lake lilikuwa tupu wiki nenda, wiki rudi. Tukamwita humu ukumbini, tukampigia makofi, tukamkabidhi zawadi ya mshindi. Zawadi gani? Pipa jipya. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni wanangu," akaketi.

Ni huyu binti peke yake aliyerudi kwake bila raha. Kesho yake alipanda ngazi, akabisha.

"Bibi, hata maganda ya kitunguu hutupi?"

"Mwanangu, kitunguu chenyewe nakitoa wapi?"

Jikoni mlikuwa na chumvi na majani ya chai. Macho yalikwisha kumharibikia, kushona hawezi, na kuomba aliona haya. Je, angeomba vipi, nasi tumeshamfanya mfano wa kuigwa? Binti alimpikia uji, akampeleka hospitali, akalala kando yake kwenye benchi la wodi. Lakini mwili wa Bibi ulikuwa umechoka mno. Tulimzika mwezi huohuo.

Mheshimiwa Diwani, najua umekuja na habari kwamba mapipa haya yatasambazwa mji mzima. Jana nilimkuta binti akifunga mizigo, nikamuuliza anasemaje.

"Mama Katibu," akaniambia, "nilibuni kitu cha kuwauliza wenye navyo kwa nini wanatupa. Sikubuni cha kumuuliza asiyetupa kama amekula."

Kisha akauliza, "Yule mama aliyehamia chumba cha Bibi huko juu, mmeshamjulia hali?"

Nami nalileta swali hilo kwenu. Kama yupo kati yetu aliyekwisha kumbishia hodi, tafadhali anyooshe mkono.

Naam, sioni hata mkono mmoja, na wangu pia umo.

Binti, safari njema. Nanyi wengine, nashukuru kwa kunitegea sikio.