Neno Aliloambiwa Prudence

Ilikuwa Oktoba 2015, mvua za kwanza zimeshalowesha vumbi la Kibondo, nasi tumekaa kwenye benchi la kahawa la Gharibu, kando ya stendi. Akaja Reverien mbio, simu mkononi. Ni Mrundi, anabeba mizigo hapo stendi. Walipokimbia kwao, yeye alivukia Mabamba, mkewe Prudence akapitia ziwani, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Tangu hapo wanasikilizana kwa simu tu. Bila kibali Reverien haendi kokote.

— Prudence kaazima simu ya jirani, alisema akihema. Kaambiwa ajiandae kwa safari. Wanaiita kwa Kiingereza, ri... ri nini sijui, mtandao ukakata.

— Risetolmenti, akasema Tharsisi. Huyo alifika kidato cha tatu, tunamwita Profesa. Hiyo Marekani, mwanangu. Ukishapanda ndege, hurudi.

— Acha fiksi! Saady akamkatiza, yeye tunamwita Redio. Ipo na rilokesheni.

— Si ndiyo hiyo hiyo?

— Wapi! Lokesheni ni ile ya kwenye simu, inaonyesha mtu alipo. Rilokesheni sasa, wanakutafuta upya.

— Wamtafute na wanakaa naye?

— Basi wanampeleka Kanada, wamtafutie huko.

Tukacheka. Reverien hakucheka.

— Tangu mwezi wa tano nina sauti yake tu, alisema. Akienda huko, hata sauti si itapotea?

Kicheko kikatuishia. Gharibu akammiminia kahawa, hakuigusa.

Hapo Kuruthumu, muuza vitenge, akashuka kwenye gari la Kasulu, akajibanza benchini na furushi lake. Tukamweleza.

— Rilokesheni? Asubuhi nimelisikia njiani. Nyarugusu pamejaa, Warundi wanahamishiwa hapa kwetu, Nduta. Kambi imefunguliwa tena. Mabasi yao tumeyapita Makere.

Reverien akashika kichwa kwa mikono miwili. Kuruthumu akamtazama, akamuuliza taratibu:

— Na ingekuwa Marekani kweli, shemeji, ungemwambia asiende?

Reverien akainuka, akaenda kusimama kando ya barabara itokayo Kasulu.

Jioni mabasi yakaingia, taa zinawaka, madirisha yamejaa nyuso. Reverien akayakimbilia moja baada ya jingine, akipiga vioo. Kwenye la tatu mwanamke akatoa mkono nje na kuliita jina lake. Basi halikusimama.

— Ndaje, Prudence! Ninakuja!

Akakimbia nalo kwenye tope, njia ya Nduta, mpaka tukaacha kumwona.