Rehani Aliyemnenepesha Ng'ombe wa Mzee Matonya

Ng'ombe wa Mzee Matonya alikufa. Alikufa kwa ugonjwa, malishoni, mwaka 1911. Naanza na hilo kwa sababu bado wapo wanaobisha.

Bwana Rehani, mchoraji wa shule yetu tunayemuaga leo, anaacha kazi tarehe 30 Juni 1913. Miaka kumi na tano amechora. Alianzia Mpwapwa, akaletwa hapa Dodoma. Mimi ni kibarua wake, nasaga udongo wa rangi. Anachora kwenye kitambaa kirefu cha marekani kilichoviringishwa kwenye fimbo mbili. Mimi nazungusha, wanyama wanapita mbele ya watoto kama wanatembea.

Siku moja nilizungusha kinyume. Mbuzi akatoka mdomoni mwa fisi, mzima. Rehani alinitukana mpaka jua linazama. Tangu hapo watoto hawamtaki fisi anayekula, wanamtaka anayetapika.

Mke wangu Anyesi alipokufa nilikaa ndani, sikuja kazini. Rehani akaja akanichora kwenye ukuta wangu wa nje, nina sura ya beberu. Majirani wakajaa kutazama. Nikaona bora kazini.

Sasa ng'ombe. Matonya alimweka kwa shemeji yake Mazengo amchungie. Alipokufa, Mazengo hakuleta ngozi, fisi walimaliza kila kitu. Kwetu ukisema ng'ombe wa mtu amekufa, unaleta ngozi. Matonya akanuna, basi.

Mwaka jana Rehani akataka ng'ombe wa kufundishia watoto. Akamkumbuka yule: mweusi, tumbo jeupe, pembe moja imelala. Akamchora. Akamnenepesha.

Siku ya kuwaonyesha wazazi, Matonya alikaa mbele. Nikazungusha, ng'ombe akaja. Mzee akasimama.

"Shemeji, uliniambia amekufa. Huyu anayetembea ni nani?"

Akida wa serikali ya Wajerumani alikuwepo na askari wake. Akasema Mazengo kamficha ng'ombe, asipomleta atakula viboko ishirini na tano. Nikasema mzoga niliuona kwa macho yangu. Nikaambiwa kibarua anyamaze. Mazengo akainua mikono kuapa, shuka likamwanguka.

Rehani akakisogelea kitambaa. Akaniomba rangi. Mbele ya watu wote akafuta tumbo, akachora mbavu. Akamlaza chini, miguu juu. Akaweka na nzi. Watoto wakalia.

"Mzee wangu, unene ule nilimpa mimi," akasema. "Na huku kukonda nimempa mimi."

Akida akakuna kichwa, akamwambia askari akae. Lakini watu wote tulikuwa tunamtazama Matonya. Alisogea, akaishika ile pembe iliyolala, rangi ikamganda kidoleni.

"Ndiye," akasema. "Leo ndiyo amekufa."

Akamwokotea Mazengo shuka lake, wakaenda kunywa pombe.

Rehani, ahsante. Mgongo wa Mazengo nao unakushukuru. Nenda Kilimatinde kwa wanao, ule, ulale, upate afya. Ukichora ng'ombe wa watu huko, mkondeshe kidogo.

Mimi safari hii sikai ndani; kesho narudi kazini.