Vipara Saba Kwenye Benchi la Kliniki

KINYOZI: Haloo? Nani mwenzangu? Sauti inakuja vipande vipande—

DADA: Kicheko kingi kina mshindo mkuu.

KINYOZI: Aa, dada! Shikamoo. Lakini methali inasema kimya.

DADA: Marahaba. Kimya ni cha wengine. Wewe hujanyamaza tangu uzaliwe, kwa hiyo nimekutengenezea ya kwako. Uko dukani?

KINYOZI: Nipo. Wateja wanapigana vikumbo mlangoni, nawaambia jamani, foleni—

DADA: Mbona nasikia inzi peke yake?

KINYOZI: [anacheka] Huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni.

DADA: Sikiliza. Asubuhi hii, hapa kliniki kwetu, kwenye benchi la kusubiri nimehesabu vipara saba.

KINYOZI: Saba? Joto hilo.

DADA: Nikamuuliza wa kwanza, nani kakunyoa? Mdogo wako. Wa pili? Mdogo wako. Wa tatu mwalimu mkuu, alikuja kwako kupunguza ndevu!

KINYOZI: Zikapungua.

DADA: Na nywele zote nazo! Wa saba ni dereva wetu wa kliniki. Anaoa Jumamosi. Mchumba wake kamwona, kapiga yowe utadhani kaingia nyoka.

KINYOZI: Kichwa chake kizuri kile. Ukumbini hawatahitaji taa—

DADA: Hapo dukani kwenu mtu alikuwa akisimamishwa dakika kumi mbele ya ile chati ya mitindo. "Mzee, namba nne itakufaa. Namba tisa waachie wenye shingo." Siku hizi je?

KINYOZI: Siku hizi... [mkwaruzo] ...mtandao, dada...

DADA: Usijifiche nyuma ya mtandao.

KINYOZI: Nimechoka kuuliza, basi. Nikisimama nyuma ya mtu, hata kuchagua mashine ianzie sikio lipi kunanishinda. Kipara hakina maswali.

DADA: [kimya]

KINYOZI: Haloo? Umekatika?

DADA: Nipo. Unalala?

KINYOZI: Kama mtoto mchanga. Saa kumi alfajiri niko macho, nalia— natania!

DADA: Unakula?

KINYOZI: Mdomo upo. Ladha ndiyo imesafiri.

DADA: Tangu lini?

KINYOZI: Wiki. Wiki chache. Wiki... dada, kuna mteja hapa—

DADA: Inzi asubiri. Hiyo ni dalili ya sonona.

KINYOZI: Ala! Sonona ni ya wale wanaojifunika blanketi na kugeukia ukutani. Mimi saa mbili kamili nimefungua duka!

DADA: Kwani nywele zina mtindo mmoja? Na sonona ina chati yake.

KINYOZI: Ehe. Nitajie namba, nichague.

DADA: Namba moja, ile nzito. Inamkalia mtu kifuani wiki mbili na zaidi, kutwa, kila siku, na alichokipenda kinakuwa mchanga mdomoni. Namba mbili haina kishindo. Inakaa miaka, mpaka watu wanasema ndivyo alivyo huyo.

KINYOZI: Kama baba mdogo.

DADA: Kama baba mdogo. Na sisi tukamwita Mzee Mawingu, tukacheka. Nikikumbuka naona haya. Namba tatu humpata mama akishajifungua—

KINYOZI: Hiyo nimenusurika.

DADA: Nimalize! Namba nne hupanda na kushuka. Wiki hii mtu halali, anapaka duka rangi, anaagiza viti sita. Wiki ijayo kufunga kamba za viatu ni mlima. Hiyo ina dawa zake mbali, ndiyo maana mtu hajipimi mwenyewe.

KINYOZI: Na mimi umenipa ngapi?

DADA: Mimi muuguzi, si daktari. Ila ipo moja ambayo mimi naijua bila namba. Anaamka, anafungua duka, anachekesha foleni nzima. Akibaki peke yake, anakuwa kama kiti kisicho na mtu.

KINYOZI: [anawasha mashine ya kunyolea, anaizima]

DADA: Kiti cha pili bado umekifunika shuka?

KINYOZI: Nakikinga na vumbi.

DADA: Mwezi wa nane huu tangu tumzike kinyozi mwenzako.

KINYOZI: Dada—

DADA: Msiba si ugonjwa, najua. Mwenye msiba analia, anacheka, analia tena. Wewe umesimama palepale.

KINYOZI: Yeye ndiye alikuwa anauliza. "Mzee, namba ngapi leo?" Mimi kazi yangu ilikuwa kunyoa tu. [mkwaruzo]

DADA: Nina swali moja. Usinijibu kwa utani. Unawaza kufa?

KINYOZI: Kujiua, hapana. Nawaza tu... nikilala nisiamke, nani atafagia nywele.

DADA: Asante kwa kuniambia.

KINYOZI: Sasa unalia nini—

DADA: Nina mafua. Chungulia nje.

KINYOZI: Nje kuna... dada! Kuna gari la kliniki. Na kipara, kimekunja mikono!

DADA: Ndiye bwana harusi. Daktari anakungoja saa nne. Jina lako nimeliandika kwa mkono wangu.

KINYOZI: Umeniandikisha bila kuniuliza?

DADA: Kama ulivyomnyoa yeye.

KINYOZI: Hee! Na mama usiniambie umemwambia—

DADA: Tazama kiti cha nyuma.

KINYOZI: Mamangu wee. Ananipungia mkono. Na wewe utaingia nami kwa daktari?

DADA: Nitakaa mlangoni mpaka utoke. Harakisha, salio langu linaisha.

KINYOZI: Ngoja, nivae shati gani? Kuna la bluu, kuna la mistari, sijui—

DADA: La bluu. Nimeshakuchagulia.

KINYOZI: Sawa. Lakini siingii garini mpaka uniombe radhi. Kunianika kwa mama! Kwa kipara!

DADA: Siombi.

KINYOZI: Hata samahani ndogo?

DADA: Hata ukininyoa na mimi kichwa hiki. Siombi leo, siombi Jumamosi harusini, siom—