Sauti Iliyofunguka Mikononi mwa Mjomba Nahoa

Wasikilizaji wapendwa, kuna uvumi umenikaa kichwani tangu mazishi. Naufukuza, unarudi. Watu wa hapa mjini Hilo wanasema gitaa ndilo lililomuua Mjomba Nahoa. Eti humchukua kila anayelipakata. Na gitaa lenyewe liko nyumbani kwangu, maana Mjomba alisema akifa apewe binti yangu, Kehau.

Mimi ni Momi, mama yake Kehau. Mpaka sasa siamini ninachowasimulia.

Mjomba Nahoa Keliikipi ametutoka. Alikuwa mpigaji wa gitaa la umeme la mapajani. Mkono wa kushoto ulitelezesha chuma juu ya nyuzi. Wa kulia ulikwanyua, huku kidole kidogo kikizungusha kile kidude cha toni. Akikifunga, sauti inakuwa nzito, kama mtu anayelia ndani ya blanketi. Akikifungua polepole, uzi unakuwa kama unasema "waa". Lakini hakukifungua mpaka mwisho, hata siku moja. Alimwambia Kehau, "Ukali wote wa nini, mtoto? Unamwita mbwa?"

Amplifaya yake ilikuwa kuukuu, na ilikuwa inavuma. Mvumo ule ulimkera. Akafunga toni ili usisikike. Haukuisha. Basi akachukua koleo akakata mguu wa tatu wa plagi, ule wa mviringo unaopeleka umeme mbaya ardhini. Mvumo ukapungua. Akafurahi.

Mkewe, Shangazi Leinaala, ananiambia, "Alikuwa anasema nyuzi zinamtekenya vidole. Nikamwambia, wewe mzee, ni mimi tu wa kukutekenya! Tukacheka. Momi, tulicheka."

Siku yenyewe ilikuwa sherehe ya mjukuu wao kutimiza mwaka. Mnatujua. Asubuhi gereji ya kufanyia sherehe ilipigwa maji kwa mpira, saruji ikang'aa. Ndala zote tuliziacha mlangoni. Nguruwe alikuwa ametolewa shimoni alikookwa, poi, ule uji mzito wa magimbi, iko mezani, mvua inanyesha. Mjomba akakaa kwenye kiti cha chuma, miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa.

"Piga ule wa kumliza mama mkwe!" shemeji yake, Kimo, akapiga kelele.

"Mama mkwe wako analia akikuona tu," Mjomba akajibu. Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Akapiga. Akafika juu, akatulia kwenye sauti moja. Mkono ulioshika chuma ukaanza kutetemeka. Sauti ikatetemeka nayo, nzuri ajabu. Tukadhani ni madoido. Wasikilizaji, tulipiga makofi. Mtu alikuwa anakufa mbele yetu, na sisi tulipiga makofi.

Halafu kidole kidogo kikaruka. Toni ikafunguka yote, kali kama bati linalokatwa. Shangazi Leinaala alikuwa jikoni, hamwoni. Akatupa mwiko. "Huyo siyo Nahoa! Zimeni umeme!"

Kimo akakimbilia swichi kubwa, akaizima. Mjomba akaanguka na gitaa lake. Hakuamka.

Baadaye Kimo alifungua amplifaya. Ndani umeme ulikuwa unavuja hadi kwenye kasha lake la chuma, ukipitia waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi. Nyuzi zilikuwa na umeme, miguu ilikuwa kwenye maji, na mguu wa tatu wa plagi ulikuwa umekatwa. Gitaa halikumuua mtu.

Nilitaka kulichoma, nisiwafiche. Kehau akalikumbatia. "Mama, ukilichoma, utakuwa umewaamini wao." Jumapili atalipiga kaburini, Shangazi kaomba. Amplifaya ni nyingine, plagi nzima, na nitamkagua miguu mwenyewe.

Shangazi Leinaala, Kimo, na wewe mjukuu usiyejua bado, poleni sana. Nanyi mnaonisikia, zimeni redio kwanza, nendeni mkatazame plagi zenu. Na haya myashike:

Usikate mguu wa plagi kwa sababu ya mvumo. Mpelekee fundi.

Usifunge toni ili kuficha mvumo.

Usipige gitaa la umeme miguu mitupu, wala penye maji.

Nyuzi zikikutekenya, usicheke. Ziache.

Usimshike aliyenaswa. Zima umeme kwanza.

Usipige makofi kabla hujamtazama mpigaji usoni.