Mfupa wa Mama na Mfupa wa Ng'ombe

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Sema haraka, bucha imejaa watu.

BINTI: Jirani kanipigia, anasema una plasta—

MAMA: Huyo naye hana breki.

BINTI: Umevunjika mkono?

MAMA: Una ufa tu. Nilikuwa napasua mguu wa ng'ombe. Nikashusha shoka kwa nguvu zote. Mfupa wa ng'ombe haukutikisika. Wangu ukalia ko.

BINTI: Mungu wangu.

MAMA: Nikaubeba hospitali.

BINTI: Ukabeba nini?

MAMA: Mfupa wa ng'ombe. Nikamwambia daktari atupige picha wote wawili, tujue mwenye kosa nani.

BINTI: Akakubali?

MAMA: Alicheka kwanza. Kisha— haloo?

BINTI: Nakusikia, mtandao unakwaruza.

MAMA: Kisha hakucheka tena. Wa ng'ombe mweupe pe. Wangu una matundu kama chujio. Eti umri huu mifupa yetu wanawake hupungua nguvu, nami nimeacha nyama, maziwa na mayai bila kuweka kitu mahali pake.

BINTI: Si nilikuambia?

MAMA: Nikamuuliza, huyo ng'ombe alikula nyama ya nani? Si majani tu? Akaniandikia vidonge.

BINTI: Mama, ng'ombe anashinda juani akitafuna. Wewe umejifungia buchani na mkate na chai ya rangi. Jani gani umekula?

MAMA: La chai.

BINTI: Kunywa hata maziwa—

MAMA: Siwezi.

BINTI: Na nyama unaiuza kutwa?

MAMA: Kuuza ni mikono. Baba yako ndiye aliyekuwa akinikatia kipande changu, ananiwekea pembeni. Tangu tumzike, vya mnyama havinipiti kooni.

BINTI: Hukuniambia.

MAMA: Ningesemaje? Mwenye bucha analilia steki?

BINTI: Basi usile. Kuna maharage, mboga za majani, ufuta. Na vidonge si amekupa?

MAMA: Viko kwenye droo.

BINTI: Droo haina mifupa, mama. Meza. Kesho nakuja kukupikia, na asubuhi tunakaa juani.

MAMA: Kama ng'ombe.

BINTI: Kama ng'ombe. Salio linaisha—

MAMA: Ngoja. Ukipakua hayo maharage...

BINTI: Ee?

MAMA: Changu niwekee pembeni.

BINTI: Mama, nitaku—

MAMA: Haloo? Haloo? [simu imekatika] Wewe mteja wa maini, hebu nitolee hicho kiti nje. Hapo penye jua.